Hatua za kuchukua diski kuu ya tarakilishi inapoonya kwamba itaharibika

MTU anapowasha tarakilishi nyumbani na kukuta maandishi meupe kwenye kiwambo cheusi yakimwarifu kwamba diski kuu imo karibu kuharibika, aghalabu hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama hubonyeza kitufe cha F1, jinsi maandishi yenyewe yanavyomwelekeza, na kuendelea na shughuli zake kana kwamba hajaona lolote. Au hukimbilia kwa fundi wa karibu na kumwachia mashine. Yote mawili yanaweza kumpotezea kazi ya miaka mingi.

Onyo hilo huja kwa sura tofauti kutegemea kampuni iliyounda mashine. Katika tarakilishi nyingi za mezani, maandishi husema kwamba hali ya SMART ni mbaya na kumtaka mwenye mashine atoe nakala za data yake na kubadilisha diski. Tarakilishi za HP huonyesha nambari 301 pamoja na ilani kwamba ukaguzi umebaini diski itaharibika hivi karibuni. Windows nayo huweza kufungua dirisha dogo lenye ujumbe kama huo wakati mtu yumo katikati ya kazi, na kwenye tarakilishi za Apple programu ya Disk Utility huandika kwamba diski inaelekea kufa.

Maonyo haya yote yana asili moja. Ni sauti ya diski yenyewe, ambayo hujikagua na kuweka kumbukumbu ya makosa yake kupitia utaratibu unaoitwa SMART.

Diski kuu ya kwanza kuuzwa duniani ilitolewa na kampuni ya IBM mnamo 1956. Ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, na ilibeba herufi milioni 5 pekee, kiasi ambacho leo hakitoshi picha mbili tatu za simu. Kwa zaidi ya miongo mitatu baada ya hapo, diski ilikufa bila taarifa. Mnamo 1992 IBM ilianza kuunda diski za mashine zake kubwa zenye uwezo wa kutabiri kuharibika, na mnamo 1995 kampuni ya Compaq ikishirikiana na waundaji wa diski ikatoa utaratibu wake. Mbinu hizo ndizo zilizozaa SMART, ambayo sasa imo katika takriban kila diski inayouzwa.

Ili kuelewa onyo, ni vyema kufahamu kinachoendelea ndani ya kile kisanduku cha chuma. Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila uso wa sahani huelea kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia, kwa umbali wa nanomita chache tu, ambao ni mdogo mno kuliko unene wa unywele. Uso huo umegawanywa katika vijisehemu vidogo vidogo viitwavyo sekta, na kila sekta hubeba kipande cha faili.

Sekta inapochakaa, diski hujaribu kuisoma tena na tena. Ikishindwa, huiweka katika orodha ya sekta zinazosubiri uamuzi. Baadaye tarakilishi ikitaka kuandika mahali hapo, diski hujaribu kuandika, na ikiona mahali pameharibika kabisa huachana napo na kutumia sekta ya akiba iliyotengwa kiwandani. Mwenye mashine hahisi chochote, isipokuwa labda kukwama kwa sekunde chache. Hesabu ya visa hivyo ndiyo huandikwa katika kumbukumbu za SMART, na hesabu hiyo ikivuka kiwango kilichowekwa na mwundaji, onyo hutolewa.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalijui. Viwango vya waundaji ni vya ukarimu mno. Diski huweza kuwa na mamia ya sekta mbovu na bado ikajitangaza kuwa nzima. Kwa hivyo onyo linapofika kwenye kiwambo wakati wa kuwasha mashine, mara nyingi si dalili ya kwanza ya ugonjwa, bali ni ya mwisho mwisho.

Utafiti uliochapishwa na wahandisi wa Google mnamo Februari 2007, uliohusisha diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba diski iliyopatikana na kosa la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kuharibika katika muda wa siku 60 kuliko ile isiyo na kosa. Utafiti uo huo ulibaini pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kati ya nne zilizo nzito. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo huhifadhi data za wateja kwenye maelfu ya diski, ilieleza mnamo 2016 kwamba asilimia 76.7 ya diski zake zilizoharibika zilikuwa zimetoa angalau dalili moja kati ya tano inazofuatilia, ilhali ni asilimia 4.2 tu ya diski zilizokuwa zikiendelea kufanya kazi zilizokuwa na dalili kama hizo.

Maana yake ni kwamba onyo likitolewa linastahili kuaminiwa, ila kutokuwepo kwa onyo hakumhakikishii mtu usalama.

Hatua ya kwanza, basi, ni kunakili data. Si kuchunguza, si kurekebisha, wala si kutafuta bei ya diski mpya. Kila saa ambayo diski gonjwa inazunguka ni saa iliyopunguzwa katika uhai wake, na inafaa saa hizo zitumiwe kuokoa faili badala ya kuridhisha udadisi. Iwapo tarakilishi ingali inawaka na kufungua Windows kama kawaida, kazi inaweza kuanza papo hapo. Kuizima na kuiwasha mara kwa mara ili kuona kama onyo litatoweka ni kujitafutia balaa, kwani kuwaka ni mojawapo ya nyakati ambazo sahani na vichwa vya diski huchoka zaidi.

Vilevile, kuna kazi ambazo hazifai kufanywa kabisa kabla ya kunakili. Programu ya chkdsk, ambayo mafundi wengi huikimbilia, hupitia diski nzima na kuandika upya orodha za faili. Kwenye diski nzima yenye hitilafu ndogo hiyo ni tiba. Kwenye diski inayokata roho, huichosha kwa saa nyingi na inaweza kukata faili vipande vipande. Kupanga upya faili za diski, kukagua virusi kwa kina na kusakinisha Windows upya ni mambo ya kuahirishwa pia. Windows ikiuliza kama diski ifomatiwe ndipo iweze kutumika, jibu ni la.

Kinachofaa kutangulia ni kile kisichoweza kupatikana kwingine. Filamu na nyimbo hupatikana tena. Programu husakinishwa tena. Lakini tasnifu ya mwanafunzi wa chuo kikuu, hesabu za chama ambazo mweka hazina amezitunza kwa miaka sita, picha za mazishi ya nyanya au hati za kesi ya shamba zilizopigwa chapa havina nakala dukani. Hivyo ndivyo vinavyopaswa kupita kwanza, hata kama ni faili kumi tu kwenye flashi ndogo, kabla ya kujaribu kuhamisha folda zima zenye mamia ya gigabaiti.

Watu hukumbuka folda za hati, picha na zile zilizo kwenye uso wa mbele wa kiwambo, kisha wakasahau nyingine. Barua pepe zilizohifadhiwa na Outlook huwa katika faili kubwa iliyofichwa mbali na macho. Programu za uhasibu huwa na folda zake zenyewe. Anwani na nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari, faili zilizopakuliwa, pamoja na taarifa za M-Pesa zilizotumwa kwa barua pepe na kufunguliwa kwenye mashine, huachwa nyuma na kuliliwa baadaye. Dakika tano za kufikiria kwa kalamu na karatasi kabla ya kuanza kunakili hulipa.

Nakala iende kwenye diski nyingine, si kwenye sehemu nyingine ya diski ile ile. Hili lingeonekana wazi, ila katika tarakilishi nyingi diski moja hugawanywa mara mbili na kuonyeshwa kama C na D, na wapo wanaohamisha faili kutoka C hadi D wakidhani wamejiokoa. Ni sawa na kuhama chumba katika nyumba inayoungua.

Hifadhi ya intaneti inafaa kwa hati chache. Kwa faili nyingi, kasi ya kupakia data kwenye mitandao ya nyumbani ni ndogo na vifurushi huisha, huku diski ikiendelea kuzunguka. Diski ya nje inayochomekwa kwa USB ni bora zaidi. Baada ya kunakili, sharti faili kadhaa zifunguliwe kutoka kwenye diski mpya ili kuthibitisha kwamba zinasomeka, kwani jina la faili huweza kuonekana ilhali ndani hamna kitu.

Wakati mwingine kunakili hukwama. Mshale wa maendeleo husimama kwenye faili moja kwa dakika kumi, na mashine huonekana kama imelala. Hapo ni heri kuruka faili hiyo na kuendelea na zilizobaki, kisha kuirudia mwishoni. Diski hung'ang'ana na sekta mbovu kwa muda mrefu, na kila jaribio huichosha.

Kwa wale wenye ujuzi wa kutosha, kuna programu isiyolipiwa iitwayo GNU ddrescue, inayotumika katika mfumo endeshi wa Linux. Mtumiaji huiwasha tarakilishi kwa Linux iliyo kwenye flashi, bila kuiamsha Windows iliyomo kwenye diski gonjwa. Ddrescue hunakili kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, ikiruka zenye matatizo, na hurudi kwenye zile ngumu baadaye. Huweka pia rekodi ya ilikofikia, ili stima ikipotea isianze upya. Tahadhari kuu ni moja: anayekosea kutaja diski ipi ni ya kunakiliwa na ipi ni ya kupokea ataifuta data yake kwa mikono yake mwenyewe. Ukubwa na nambari ya utambulisho ya kila diski, iliyobandikwa juu yake, vikaguliwe mara mbili.

Data ikishaokolewa, ndipo uchunguzi unaweza kuanza kwa utulivu. Chombo kinachotumiwa na wengi katika Windows ni CrystalDiskInfo, programu isiyolipiwa kutoka Japani. Hutoa hukumu kwa rangi: buluu kwa diski nzima, njano kwa tahadhari na nyekundu kwa diski mbovu. Watumiaji wa Linux wana smartctl, iliyomo katika kifurushi cha smartmontools, na waundaji wakubwa wa diski kama Seagate na Western Digital hutoa programu zao za ukaguzi.

Hata hivyo, rangi pekee haitoshi. Orodha ya nambari iliyo chini yake ndiyo yenye habari, na katika safu zote hizo, ni chache tu zenye uzito. Ya kwanza ni nambari 5, inayohesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa na zile za akiba. Ya pili ni 197, yaani sekta zinazosubiri uamuzi. Ya tatu ni 198, sekta zilizoshindikana kusomwa wakati wa ukaguzi. Nambari 187 huonyesha makosa ambayo diski ilishindwa kuyasahihisha na ikalazimika kukiri kwa tarakilishi.

CrystalDiskInfo huziandika nambari hizi kwa mtindo wa hesabu za tarakilishi wenye herufi, hivi kwamba 197 huwa C5, 198 huwa C6 na 187 huwa BB. Hata idadi ya makosa huandikwa hivyo. Anayeona 10 akidhani ni kumi ajue kwamba ni 16. Mpangilio huo unaweza kubadilishwa kupitia menyu ya programu ili idadi isomeke kwa hesabu za kawaida.

Idadi moja peke yake haisemi mengi. Diski yenye sekta 8 zilizobadilishwa, ambayo imebaki na 8 kwa miaka miwili, inaweza kuendelea kutumika kwa kazi zisizo muhimu. Diski iliyokuwa na 8 Jumatatu, 40 Jumatano na 200 Jumamosi iko njiani kuelekea kaburini. Mwendo wa ongezeko ndio wa kutazamwa. Inafaa idadi iandikwe mahali pamoja na tarehe, kisha ilinganishwe baada ya siku chache.

Kuna nambari nyingine ambazo huwatia watu hofu bure. Nambari 1, inayohusu makosa ya kusoma, huonyesha tarakimu kubwa ajabu kwenye diski za Seagate hata zikiwa mpya, kwa sababu ya jinsi kampuni hiyo inavyohesabu. Nambari 9 huonyesha saa ambazo diski imewashwa. Saa 20,000 ni zaidi kidogo ya miaka miwili ya kuwaka mfululizo, na hiyo peke yake si maradhi.

Nambari 199, yaani C7, yafaa kuelezwa kwa kina kwa sababu imewafanya wengi kutupa diski nzima. Hii haihesabu makosa ya sahani wala ya vichwa. Huhesabu data iliyoharibika ikiwa safarini kati ya diski na ubao mkuu wa tarakilishi. Mara nyingi kosa ni la kebo iliyolegea, iliyokunjwa vibaya au iliyochakaa. Kebo ya SATA ni ya bei nafuu mno ikilinganishwa na diski. Mashine ikizimwa, kebo ikachomolewa na kuchomekwa upya au kubadilishwa, na idadi ya 199 ikaacha kupanda, tatizo limekwisha. Idadi ya zamani haifutiki, kwa hivyo asiyejua hilo hudhani kebo mpya haikusaidia.

Kosa linalofanana na hilo hutokea kwenye diski za nje. Waya wa USB uliochoka au kituo cha USB kisichotoa umeme wa kutosha huifanya diski izimike na kuwaka, ikitoa mlio kama inayoharibika. Kuichomeka moja kwa moja kwenye tarakilishi nyingine kwa waya tofauti ni jaribio la dakika mbili linaloweza kuokoa safari ya kwenda Luthuli Avenue.

Windows nayo huweka shajara ya matukio, inayosomeka kupitia programu ya Event Viewer. Katika orodha ya mfumo, tukio nambari 7 kutoka kwa chanzo kiitwacho disk humaanisha kwamba sehemu mbovu imepatikana, na nambari 52 humaanisha diski imetabiri kifo chake. Shajara hii hueleza pia tarehe, na mara nyingi mwenye mashine hugundua kwamba maonyo yalianza miezi mitatu kabla ya yeye kuyaona.

Swali la umeme haliwezi kuepukwa katika taifa ambalo stima hupotea ghafla. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilibaki gizani kwa saa nyingi, na kukatika kwa umeme mitaani ni jambo la kila mara. Umeme ukipotea wakati diski inaandika, sekta moja inaweza kubaki nusu imeandikwa. Diski ikija kuisoma itaona data isiyoeleweka na kuiweka katika orodha ya 197, ingawa uso wa sahani hauna kasoro.

Njia ya kutofautisha hali hiyo na ugonjwa wa kweli ni kuiandika diski nzima upya, mathalani kwa kuifomati kikamilifu bila kuchagua njia ya mkato, baada ya data yote kuondolewa na kuthibitishwa. Iwapo 197 itarudi kwenye sifuri na nambari 5 isipande, kosa lilikuwa la umeme. Iwapo nambari 5 itaruka juu, diski haina tena nafasi katika nyumba hiyo. Kwa tarakilishi za mezani, kifaa cha UPS kinachoipa mashine dakika chache za kuzimika kwa utaratibu ni kinga bora kuliko programu yoyote. Vipakatalishi vina betri, ila betri iliyokufa haikingi kitu, na vipakatalishi vingi vilivyotumika huuzwa na betri za namna hiyo.

Diski inayotoa sauti ya kugongagonga ni suala jingine kabisa. Mlio wa tik-tik unaojirudia, au wa kitu kinachokwaruza, humaanisha kwamba vichwa vimepoteza mahali pao au vimegusa sahani. Hapa hakuna programu ya kusaidia. Mashine izimwe mara moja, hata kabla ya kuhifadhi kazi iliyo wazi, kwani kila mzunguko hukwangua data zaidi. Hali hii huwapata sana wenye vipakatalishi vilivyoanguka vikiwa vimewashwa.

Diski kama hiyo huweza kufunguliwa tu katika chumba kisicho na vumbi, na watu wenye vipuri vya diski ya aina ile ile. Gharama yake huzidi bei ya tarakilishi yenyewe mara nyingi, na matokeo hayana hakika. Fundi anayeifungua kwenye meza ya kibanda chake ili aitazame ndani ameshaimaliza. Vivyo hivyo, ule ushauri wa zamani wa kuitia diski kwenye friji ni wa kupuuzwa. Unyevu huganda kwenye sahani, na kichwa kinapopita juu ya tone la maji hugonga kama gari linalogonga ukuta.

Diski za SSD, ambazo zimechukua nafasi ya zile za kuzunguka katika vipakatalishi vingi vipya, hazina sahani wala vichwa, na kwa hivyo hazitoi mlio. Huchakaa kwa kuandikwa. Kila SSD ya aina ya NVMe huonyesha asilimia ya uhai uliotumika na kiasi cha akiba kilichobaki. Akiba ikikaribia kikomo, Windows 11 huonya na hali hiyo husomeka katika ukurasa wa mipangilio ya diski. Tabia yao ya kufa ni mbaya kwa namna yake. Baadhi hujifunga zikawa za kusomwa tu, jambo ambalo ni la heri kwa mwenye data. Nyingine hutoweka ghafla, leo zipo, kesho tarakilishi haizitambui, na faili zilizokuwemo haziokoleki kwa urahisi kama zile za diski ya zamani.

Kabla ya kuitoa diski kwenye mashine na kuipeleka kwingine, yapasa kujua kama imefungwa kwa BitLocker. Vipakatalishi vingi vya Windows 11 hufunga data bila mwenyewe kuombwa ruhusa waziwazi. Diski ikichomekwa katika tarakilishi nyingine, itadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Autafute na kuunakili kwenye karatasi wakati mashine ingali hai, kwa sababu bila tarakimu hizo hata fundi hodari hawezi lolote.

Kuhusu diski ya kuchukua nafasi ya iliyougua, soko lina mitego yake. Mapema 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vilifichua kwamba diski za Seagate zilizotumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, rekodi zake za SMART zikiwa zimefutwa ili nambari 9 isome karibu na sifuri. Wanaonunua diski zilizotumika nchini, iwe jijini Nairobi, Mombasa au Eldoret, wana sababu zaidi ya kuwa macho. Ni haki ya mnunuzi kuomba diski ichomekwe na kusomwa mbele yake kabla hajalipa, na muuzaji anayekataa amejibu swali.

Kwa tarakilishi ya zamani, SSD ndogo ya kuendeshea mfumo pamoja na diski ya nje ya kuhifadhi nakala humfaa mtu zaidi ya diski moja kubwa. Kuhamisha kila kitu jinsi kilivyo kutoka diski gonjwa hadi mpya huokoa muda, ila huhamisha pia faili zilizokatika. Endapo onyo lilikuja pamoja na Windows kukwama au kujizima, kusakinisha upya ni salama zaidi. Isitoshe, Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, hivyo wengi wangelazimika kufikiria mfumo mpya hata bila diski kuugua.

Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni ambayo hutajwa kwa nambari tatu: nakala 3 za kila faili, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yazo iwe mbali na nyumba. Kwa familia ya kawaida hilo humaanisha faili zilizo kwenye tarakilishi, diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa wiki kisha kutolewa, na nakala ya tatu kwenye hifadhi ya intaneti au kwa ndugu anayeaminika. Diski ya nje inayoachwa imechomekwa siku zote hupatwa na radi, wizi au virusi pamoja na tarakilishi.

Diski iliyoondolewa isitupwe kwenye jaa wala kuuzwa kwa kilo ikiwa na data. Hata ile ambayo Windows haiisomi, mtu mwenye nia na vifaa anaweza kuisoma, na ndani yake mna vitambulisho, taarifa za benki na picha za watoto. Inayowaka bado ifutwe kwa kuandikwa upya yote. Isiyowaka sahani zake ziharibiwe kwa kutobolewa, kisha mabaki yapelekwe kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki, kama vile WEEE Centre jijini Nairobi.

Ikiwa diski ingali ndani ya muda wa dhamana, ambao kwa kawaida huwa kati ya miaka miwili na mitano, risiti na ripoti ya SMART hutosha kudai nyingine. Lakini muuzaji huichukua ile mbovu, wala hairudi. Mwenye faili za siri ambazo hakuweza kuzifuta atalazimika kuchagua kati ya kudai diski ya bure na kubaki na ile yenye siri zake.